Maswali ya wasomaji: Jengo la ubunifu lipo, kampuni ziko wapi?

Barua nyingi za toleo hili zimetoka vyuoni. Walioandika ni wahadhiri, mhasibu, mwanafunzi na mjumbe mmoja wa Baraza la Chuo, na wote wanazunguka jambo moja: chuo kikuu kikitaka kuwa cha kijasiriamali, yaani kiuze utaalamu wake, kizae kampuni na kipate fedha nje ya ruzuku na ada, kinahitaji nini hasa? Barua ndefu tumezifupisha. Majina hatukuyaweka.

Wahariri, salaam. Miaka minne iliyopita mfadhili alitujengea kituo atamizi kizuri, yaani mahali pa kulelea kampuni changa: meza za pamoja, intaneti, kompyuta, hata mashine ya kuchapa vifaa vya plastiki. Mfadhili alipoondoka, kampuni changa nazo zikaondoka. Leo ni ukumbi wa semina. Tulikosea wapi? — Afisa Mipango, Mbeya

Ndugu Afisa, katika kazi hii jengo ndilo jambo jepesi kuliko yote. Lina mkandarasi, lina tarehe ya makabidhiano na lina utepe wa kukata. Yanayolipatia jengo uhai hayana utepe, ndiyo maana huachwa.

La kwanza ni msimamizi. Vyuo vingi humkabidhi atamizi mhadhiri mwenye vipindi tele, kama kazi ya nyongeza. Ataifanya Ijumaa mchana, akipata nafasi. Kituo kinataka mtu mmoja wa kudumu aliyewahi kuuza kitu, anayejua bei, deni na mteja anayekawia kulipa. Shahada ya uzamivu si sharti hapa.

La pili ni masurufu, yaani fedha taslimu za matumizi madogo. Kijana anahitaji kifaa cha umeme cha Sh 60,000 leo, lakini taratibu za ununuzi zinamtaka asubiri wiki kadhaa, na wiki hizo ndizo zinazomkatisha tamaa. Meneja akiwa na masurufu ya, tuseme, Sh milioni 1 kwa mwezi, akayarejesha kwa stakabadhi, tatizo hilo linakwisha. La tatu ni saa za kazi. Wanafunzi huwa na nafasi kuanzia saa 11 jioni na siku ya Jumamosi, wakati mlinzi amekwisha kufunga geti. Kituo kisichokuwa wazi angalau hadi saa 4 usiku ni ofisi kama ofisi nyingine. Na ile mashine ya kuchapa plastiki, kama haina fundi wala fungu la vipuri, itasimama siku mdomo wake utakapoziba kwa mara ya kwanza, na haitaamka tena.

Kuna pia masharti ya kuingia na kutoka, ambayo vituo vingi huyaogopa kwa sababu vinataka kuonekana vimejaa. Mwombaji aje na mwenzake mmoja angalau, na mmoja wao awe tayari kufanya kazi hiyo muda wote. Aonyeshe orodha ya watu 20 aliozungumza nao wenye tatizo analotaka kulitatua, na ikiwezekana mmoja aliyekwisha kutoa hata malipo ya awali. Mkataba uwe wa miezi 12, uongezwe mara moja tu kwa miezi 6. Kodi ya meza iwe bure miezi 6 ya kwanza, kisha robo ya bei ya mtaani, kisha nusu. Kila baada ya miezi 3 pawe na kikao cha mapitio. Anayeshindwa malengo yake mara mbili mfululizo aage kwa heshima. Fedha za kuanzia ni heri zigawanywe Sh milioni 2 kwa timu 10, kwa awamu mbili, kuliko Sh milioni 20 kwa timu moja iliyoandika andiko zuri.

Hata hayo yote yakikamilika, swali litabaki: wazo linatoka wapi? Mashindano ya mawazo huleta programu ya simu ya kuagiza chakula, mwaka huu, mwakani na mwaka unaofuata. Chanzo chenye nguvu zaidi ni miradi ya mwaka wa mwisho ya uhandisi, kilimo na sayansi, ikiwa mada zake zinatoka viwandani, hospitalini na mashambani badala ya kutoka kwenye faili la mada za zamani. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, alianza na tatizo la maji ya vijijini. Kichujio chake kilishinda mwaka 2015 tuzo ya uhandisi ya Afrika inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Tatizo lilikuwepo kabla ya kituo chochote.

Habari za kazi. Nimebuni kikaushio cha matunda kinachotumia jua mchana na mabaki ya mazao usiku. Mwezi ujao nawasilisha kwenye kongamano, na mkuu wa idara ananisihi nichapishe makala. Je, niombe hataza kwanza? Na kikipata soko, fedha ni zangu au za chuo? — Mhadhiri, Morogoro

Usiwasilishe bado. Hataza, yaani haki ya kisheria ya kuwazuia wengine wasitumie uvumbuzi wako, hutolewa kwa kitu kipya, na upya hupotea siku unapokitangaza. Kutangaza si makala peke yake: bango la kongamano, utetezi wa tasnifu uliokuwa wazi kwa umma, video ya mtandaoni na tasnifu ya mwanafunzi wako iliyopakiwa na maktaba, vyote ni utangazaji. Hili la maktaba ndilo linalowaponyoka watu wengi. Sheria ya Kenya humvumilia mvumbuzi aliyejitangazia mwenyewe ndani ya miezi 12 kabla ya kuwasilisha ombi, na Marekani ni hivyo hivyo. Ulaya haikuvumilii.

Wiki hii fanya mambo mawili. Jaza fomu ya taarifa ya uvumbuzi: nani alichangia nini, lini, kwa fedha za nani, na nani wa nje amekwisha kukiona. Kama chuo hakina fomu hiyo, andika kurasa mbili, utie saini na shahidi naye atie. Kisha tafuta kwenye Espacenet, Patentscope na Google Patents, hifadhi za hataza za mtandaoni ambazo hazitozi kitu. Tunakuonya mapema: vikaushio vya jua vimejaa humo. Kipya chako huenda si kikaushio bali ni namna unavyobadili kutoka joto la jua kwenda joto la mabaki bila moshi kugusa tunda. Hicho ndicho cha kulinda. Kama ni uboreshaji mdogo, sheria za Kenya na Tanzania, pamoja na zile za ARIPO, shirika la miliki bunifu la nchi kadhaa za Afrika, zina ulinzi mwepesi zaidi kwa maboresho ya aina hiyo. Sharti lake la uvumbuzi ni dogo na muda wake ni mfupi kuliko miaka 20 ya hataza.

Ombi lapelekwa BRELA kwa Tanzania Bara, BPRA kwa Zanzibar, KIPI kwa Kenya. Ukitaka nchi kadhaa za Afrika kwa ombi moja, nenda ARIPO, yenye makao Harare. Tangu siku ya ombi la kwanza una miezi 12 ya kuomba nchi nyingine huku ukihesabiwa tarehe ile ile, na ukipitia Mkataba wa Ushirikiano wa Hataza unapata hadi miezi 30 kabla ya kulipia nchi moja moja. Miezi hiyo ni ya kutafuta mteja. Ikifika mwisho bila mwenye kiwanda hata mmoja aliyeulizia bei, usilipie nchi yoyote ya ziada, maana ada za kila mwaka za kuiweka hataza hai hulipwa hata na asiyeuza. Kesho yake baada ya kuwasilisha ombi la kwanza, panda jukwaani uwasilishe kwa amani.

Si kila kitu ni hataza, lakini. Mwenzako wa idara ya mimea akizalisha mbegu mpya, ulinzi wake uko chini ya sheria ya haki za wagunduzi wa mbegu za mimea ya mwaka 2012, na programu ya kompyuta iko chini ya hakimiliki.

Sasa fedha. Uvumbuzi wa mwajiriwa ndani ya kazi yake kwa kawaida ni mali ya mwajiri, isipokuwa mkataba useme vingine. Kwa hiyo soma mkataba wako na sera ya miliki bunifu ya chuo. Mgawo unaoigwa sana ni wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani: ofisi ya leseni, inayowaruhusu wengine kutumia uvumbuzi kwa malipo, inachukua asilimia 15 ya mapato, gharama za hataza zinaondolewa, kinachobaki kinagawanywa mafungu matatu sawa kwa mvumbuzi, idara na kitivo. Tuseme kiwanda kimelipa mrabaha wa Sh milioni 40. Asilimia 15 ni milioni 6, inabaki 34. Gharama za hataza milioni 4, inabaki 30. Wewe milioni 10, idara milioni 10, kitivo milioni 10. Uzuri wa mgawo huu ni kwamba mkuu wa idara anakuwa na sababu ya kukupunguzia vipindi.

Kuna wanaosema mhadhiri apewe umiliki wote, kama inavyofanyika Sweden hadi leo. Norway ilikuwa na utaratibu huo ikaufuta mwaka 2003, mapato yakawa theluthi kwa mvumbuzi na theluthi mbili kwa chuo. Uchunguzi uliofanywa baadaye ulionyesha kuwa kampuni mpya za wahadhiri zilipungua kwa takriban nusu, na hataza nazo vivyo hivyo. Hatusemi Tanzania iige Sweden. Ila chuo kinachojipangia asilimia 70 ya mapato ambayo hayajakuwepo kijue kinafukuza nini.

Hisa ni jambo jingine. Chuo kikidai nusu ya kampuni changa, mwekezaji wa kwanza ataondoka, kwa sababu haoni waanzilishi watabaki na nini cha kuwatia moyo. Stanford ilikubali hisa kidogo badala ya fedha taslimu kwa hataza ya kwanza ya Google, na mwaka 2005 ikaziuza kwa dola milioni 336. Katika Kiira Motors ya Uganda, iliyotokana na gari la umeme la Makerere la mwaka 2011, chuo kina asilimia 4 na serikali ndiyo yenye zilizobaki. Kwa chuo cha umma cha kwetu, kumbuka kwamba hisa zinahitaji idhini ya juu ya chuo, na kuisubiri huchukua muda. Leseni yenye mrabaha ni nyepesi zaidi kuanzia.

Je, tungekuwa na sheria kama ile ya Marekani ya mwaka 1980 iliyovipa vyuo umiliki wa uvumbuzi unaogharimiwa na serikali, si mambo yangenyooka? — Mwanasheria, Dar es Salaam

Yangesaidika, yasingenyooka. Ofisi ya leseni ya Stanford ilifunguliwa mwaka 1970, miaka 10 kabla ya sheria hiyo, na watu waliokuwa wakipiga simu viwandani ndio walioleta fedha. Afrika Kusini ilitunga sheria ya namna hiyo mwaka 2008 ikaambatanisha nayo ofisi ya taifa ya kuvisaidia vyuo. Bila ofisi, sheria hubaki kwenye rafu.

Mimi ni mhasibu wa chuo cha umma. Chuo kinakata asilimia 35 ya kila kazi ya ushauri elekezi, na wahadhiri wanazifanya kimya kimya nje. Menejimenti inataka wabanwe. Tuwabane vipi? — Mhasibu, Dodoma

Ndugu Mhasibu, kabla ya kumbana mtu, chukua mikataba 10 ya mwisho iliyopitia chuoni. Kwa kila mmoja andika tarehe sita: andiko lilipopelekwa, mkataba uliposainiwa, ankara ilipotoka, mteja alipolipa, fedha zilipoonekana kwenye fungu la mradi, na mtaalamu alipolipwa. Hesabu siku kati ya tarehe moja na nyingine. Mara nyingi mteja ndiye mwenye haraka kuliko wote. Kinachokula miezi ni saini ya mkataba mwanzoni na malipo ya mtaalamu mwishoni. Asilimia 35 inauma, lakini asilimia 35 pamoja na miezi 7 ya kusubiri ndiyo inayomtorosha mtu.

Angalia hesabu. Kazi ni ya Sh milioni 20. Kwa makato ya asilimia 35 chuo kinapata milioni 7. Kazi 10 kwa mwaka ni milioni 70. Punguza makato hadi asilimia 15, chuo kinapata milioni 3 kwa kazi. Lakini kazi zikifika 30 kwa kurudi zilizokuwa zikipita nje, ni milioni 90, na chuo sasa kinajua wateja wake ni nani. Hesabu hii inategemea kazi zirudi, na hazirudi kwa bei peke yake.

Kwa hiyo fanyeni haya pamoja na kupunguza makato. Mkataba wa chini ya Sh milioni 20 usainiwe na mkuu wa ndaki kwa kutumia kiolezo kilichokwisha kupitiwa na mwanasheria. Wa juu ya hapo mwanasheria ajibu ndani ya siku 5 za kazi, na asipojibu achukuliwe kuwa ameridhia. Ankara na kontroo namba zitoke siku ile ile zinapoombwa. Malipo ya mtaalamu yawe na ukomo wa siku 14 tangu fedha ziingie. Makato ya asilimia 15 yagawanywe 5 chuo, 5 ndaki, 5 idara, na ile 5 ya idara idara iitumie kweli: kununulia kemikali, kulipia ada ya machapisho, kutengeneza kiyoyozi cha maabara. Idara isipoona fungu lake, mkuu wa idara hana sababu ya kuuliza profesa yuko wapi siku ya Jumatano.

Wengine hujenga kampuni ya chuo ili kukwepa mwendo wa kinyonga wa ofisi za umma. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha UNES mwaka 1996. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina kampuni yake ya kompyuta, UCC, na kwa upande wa uhandisi kina ofisi ya ushirikiano na viwanda, BICO. Kampuni inasaidia pale kazi zinapojirudia na wateja ni wengi. Kwa chuo chenye kazi 10 kwa mwaka, kampuni inaleta bodi, mkaguzi, kodi na mishahara ya kudumu kabla haijaleta mteja.

Baada ya hapo ndipo mbane, na sheria iwe nyepesi kueleweka. Vyuo vingi vya Marekani huruhusu takriban siku moja kwa wiki ya kazi za nje. Stanford imeandika siku 13 kwa kila robo ya mwaka wa masomo. Wahadhiri wajaze rejesta ya kazi za nje mara mbili kwa mwaka. Anayetumia maabara ya chuo bila kuandika ndiye wa kuadhibiwa. Anayeandika kitabu nyumbani kwake muacheni.

Wahariri, hamjambo. Hapa Kenya vyuo vya umma vilitajirika kwa masomo ya kujilipia, yale ya sambamba. Vilisifiwa kuwa vya kijasiriamali. Leo vina madeni. Tuseme ujasiriamali umeshindwa? — Msomaji, Eldoret

Kilichoshindwa ni kutegemea mteja mmoja. Makerere ilianza kupokea wanafunzi wa kujilipia mwaka 1992, na kufikia mwishoni mwa muongo huo walikuwa wengi kuliko wa serikali. Nairobi ilifuata mwaka 1998. Fedha zilikuwa nyingi na za haraka, madarasa ya jioni yakajaa, kampasi zikafunguliwa juu ya maduka mijini. Lakini bidhaa ilikuwa ile ile, shahada, na soko lake lilikuwa lile lile: waliopata C+, alama ya chini ya kuingia chuo kikuu, na zaidi wakakosa nafasi ya serikali.

Kisha mitihani ya kumaliza sekondari, KCSE, ikadhibitiwa. Waliofikisha C+ mwaka 2015 walikuwa 169,492. Mwaka 2016 wakawa 88,929. Mwaka 2017 wakawa 70,073. Serikali ikawa na nafasi za kuwatosha wote, na wa kujilipia wakakauka ndani ya miaka miwili. Mishahara na kodi za majengo hazikukauka. Kulikuwa pia na gharama isiyoandikwa vitabuni: mhadhiri aliyefundisha mchana na jioni hakuwa na saa ya maabara, hivyo chuo kilikula mbegu ambayo ingezaa kipato cha aina nyingine.

Linganisha na Warwick, Uingereza. Serikali ilipokata ruzuku mwaka 1981, chuo hicho kiliamua kuokoa nusu ya pengo na kuichuma nusu nyingine. Kikundi chake cha uhandisi wa viwanda, kilichoanzishwa mwaka 1980 na Kumar Bhattacharyya, kilifundisha na kutafiti kwa ajili ya makampuni. Kukawa na vituo vya mikutano, na mwaka 1984 bustani ya sayansi, yaani eneo la kampuni za teknolojia. Vyanzo vilikuwa vingi na tofauti. Sehemu ya ziada ya kila kitengo ilikatwa ikaingia kapu la pamoja, kapu likalisha idara zisizo na cha kuuza, kama historia na fasihi. Bila kapu hilo idara hizo huona ujasiriamali ni vita dhidi yao, na kwenye Seneti zina kura.

Kanuni ya kufanyia kazi: chanzo kimoja kisizidi theluthi ya mapato ya nje ya ruzuku, na kipato cha msimu kisilipe mishahara ya kudumu. Nawe wa Eldoret unalo somo jingine karibu. Chuo Kikuu cha Moi kilinunua kiwanda cha nguo cha Rivatex mwaka 2007, na ilichukua hadi mwaka 2019, kwa mkopo kutoka India, kukizindua upya kikiwa na mashine za kisasa. Kiwanda kizima kinataka mtaji ambao ada haziwezi kuuzaa. Chuo kinafaa zaidi kuwa jirani wa kiwanda kuliko kuwa mwenye kiwanda.

Baraza letu limeletewa pendekezo la kukodisha ekari za chuo kwa mwekezaji ajenge maduka. Wengine wanasema huo ndio ujasiriamali wenyewe. Ushauri wenu? — Mjumbe wa Baraza

Mheshimiwa Mjumbe, kodi ya ardhi ni kipato halali, ila haimfundishi mwanafunzi wala haiuzi utafiti. Mlimani City imesimama kwenye ardhi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa mkataba na mwekezaji kutoka Botswana, na mkataba huo umejadiliwa kwa miaka mingi. Kabla hamjasaini wenu, angalieni vifungu vinne. Mgao uhesabiwe kwenye mapato ghafi, kwa kuwa faida inaweza kupunguzwa vitabuni. Kodi ipitiwe kila baada ya miaka 3 hadi 5. Chuo kiwe na haki ya kukagua vitabu kwa mkaguzi wake. Na iandikwe wazi majengo yanarudi kwa chuo lini na katika hali gani, na ni nini kinatokea mwekezaji akishindwa kumaliza awamu ya pili, maana hapo ndipo hoteli iliyoahidiwa hubaki kwenye michoro.

Kuna njia ya kati. Stanford imezuiwa na hati ya waanzilishi wake kuuza ardhi, hivyo mwaka 1951 ilianza kuikodisha, ila kwa kampuni za teknolojia zenye haja na maabara zake. Varian Associates ndiyo ya kwanza kusaini. Mpangaji akawa mwajiri wa wahitimu na mlipaji wa utafiti. Hata kwenu mnaweza kuweka sharti kwamba sehemu ya eneo ikodishwe kwa maabara za vipimo, wasindikaji au kampuni za mifumo, na kila mpangaji apokee idadi fulani ya wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo kwa mwaka.

Tunasoma ujasiriamali kama somo la lazima. Tunakariri sifa za mjasiriamali, tunaandika mchanganuo wa biashara wa kurasa 30, tunafanya mtihani. Hivi ndivyo inavyotakiwa? — Mwanafunzi, Zanzibar

Hapana, na walimu wengi wanalijua hilo. Somo la wiki 15 linaweza kwenda hivi: wiki ya 1 hadi ya 4, timu za watu 4 kutoka fani tofauti wahoji wateja 30, bila kutaja bidhaa yao, wiki ya 5 hadi ya 8 watengeneze mfano wa bei nafuu, wiki ya 9 hadi ya 13 wauze, kwa mtaji usiozidi Sh 100,000 kwa timu, wiki mbili za mwisho wafunge hesabu na waeleze kilichotokea. Alama zitolewe kwa ushahidi wa mahojiano, daftari la mauzo na uamuzi wa kubadili mwelekeo, si kwa faida. Ukitoa alama kwa faida, wote watauza maandazi na vocha. Kikwazo kikubwa ni darasa la watu 600 na mwalimu mmoja; hapo lazima wapatikane wasaidizi, mmoja kwa timu 8 au 10, na wafanyabiashara wa mjini wa kusikiliza siku ya mwisho.

Kupandishwa cheo kwetu ni makala tu. Nani ataacha kuandika akauze? — Mhadhiri Mwandamizi, Iringa

Hakuna, na hana kosa. Seneti ipitishe jedwali la alama: hataza iliyotolewa, leseni inayolipa, mkataba wa utafiti na kiwanda, kampuni iliyosajiliwa na yenye wafanyakazi. Ombi tu la hataza lisipewe alama kubwa, la sivyo mtakuwa na maombi mengi na leseni sifuri. Uingereza, katika tathmini yake ya utafiti wa vyuo, iliweka asilimia 20 ya alama kwa matokeo ya utafiti nje ya chuo mwaka 2014, ikapandisha hadi 25 mwaka 2021, na mgao wa fedha ukafuata alama hizo. Vyuo vikaanza kuajiri watu wa kufuatilia nani ametumia kazi zao.

Sisi ni chuo kidogo. Bajeti ya jambo hili ni Sh milioni 30 kwa mwaka. Tuanze na nini? — Naibu Makamu Mkuu wa Chuo

Msijenge. Ajirini afisa mmoja wa mahusiano na viwanda, aliyetoka kiwandani, kwa takriban milioni 18 kwa mwaka, nusu ya muda kama hamuwezi kumlipa muda wote. Milioni 3 ni usafiri wake: atembelee kampuni 5 kwa wiki ndani ya kilomita 50, arudi na orodha ya matatizo, si kadi za biashara. Milioni 6 ni ruzuku ndogo za wanafunzi wa mwaka wa mwisho watakaoyachukua matatizo hayo, Sh 300,000 kwa kila mradi, miradi 20. Milioni 3 zilizobaki ni ada za maombi ya ulinzi wa miliki na mwanasheria wa kuandaa violezo vitatu: makubaliano ya siri, mkataba wa ushauri elekezi, na leseni.

Miezi 2 ya kwanza, kabla ya afisa kuanza, wakuu wa idara wajaze HEInnovate, chombo cha bure cha mtandaoni cha OECD (shirika la ushirikiano wa kiuchumi) na Umoja wa Ulaya cha kujitathmini. Wajaze kila mmoja peke yake, kisha mlinganishe. Mahali ambapo menejimenti imejipa alama 5 na wahadhiri wameipa 2 ndipo pa kuanzia. Kwenye ripoti ya mwaka acheni kuhesabu semina na wahudhuriaji. Andikeni siku za kusaini mkataba, idadi ya wateja waliorudi mara ya pili, fedha zilizolipwa na kampuni bila mfadhili nyuma yake, na miradi ya wanafunzi ambayo kiwanda kimeitumia. Mwaka wa kwanza namba hizo zitakuwa ndogo sana; zipelekeni kwenye Baraza hivyo hivyo zilivyo.